Hospitali Ikikosea: Ni Lini Mgonjwa Aweza Kudai Fidia

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nakuru, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini na hawakuweza kufika



Kamati imetuomba tuseme juu ya jambo linaloletwa sana ofisini kwetu, na ambalo mara nyingi huletwa likiwa limekwisha kuchelewa. Mtu huja na mkono uliokauka, au mama huja na mtoto asiyeweza kuketi, na wote husema maneno yale yale: "Hospitali ndiyo iliyoniharibu." Tukiuliza ni lini, hutajiwa mwaka ambao hata karani wa hospitali ameusahau. Tukiuliza karatasi, hakuna. Kwa hiyo leo twataka kusema wazi ni kosa gani la hospitali ambalo sheria hulitambua, ni lipi isilolitambua, na mtu afanye nini tangu siku ile anapoanza kushuku kwamba ametendewa vibaya.

Jambo moja tulitangulize. Wauguzi, madaktari, maafisa wa kliniki na wafagiaji wa wodi ni wafanyakazi kama sisi. Wana vyama vyao, na wamegoma kama sisi tunavyogoma. Madaktari wa hospitali za umma walikaa nje siku 100, tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017, na mwaka huo huo wa 2017 wauguzi nao waligoma kwa muda wa miezi 5. Nasi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku hana macho kumi. Basi hatukuja hapa kuwafundisha namna ya kumtafuta mtu mdogo wa kubebeshwa lawama. Na kwa bahati njema sheria yenyewe, katika jambo hili, haitaki hivyo.

Tutaeleza kwa kesi, maana kesi hushikika kuliko vifungu vya sheria.

Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikata kesi ya mtu aitwaye Cassidy. Aliingia hospitali kwa sababu vidole viwili vya mkono wake vilikuwa vimekakamaa, akafanyiwa upasuaji, kisha mkono ukafungwa kwenye ubao kwa siku kadha. Alilalamika kwamba maumivu yamezidi. Ulipofunguliwa, vidole vyote vinne vilikuwa vimekakamaa na mkono haukufaa kazi tena. Hospitali ikajitetea kwa hoja ambayo kila mfanyakazi anaijua: tuonyeshe basi ni nani hasa aliyekosea, daktari huyu, au yule, au nasi wa zamu? Majaji walikataa. Jaji Denning alisema, kwa maana yake, kwamba mtu aliyekuja kuponywa vidole viwili akatoka na vinne vibovu hana haja ya kumtafuta mkosaji ndani ya nyumba ya watu. Wenye nyumba ndio waeleze imekuwaje. Hospitali hujibu kwa ajili ya watu inaowaajiri, kama kampuni ya basi inavyojibu kwa ajili ya dereva wake. Mahakama za Kenya hufuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anapotaka fidia, mara nyingi anayeshitakiwa ni hospitali, au serikali ya kaunti yenye hospitali, na si yule nasi aliyechoka.

Sasa msikilize kesi ya pili, ili msitoke hapa mkidhani kila aliyeumia atalipwa. Mwaka 1947, katika hospital moja ya mji wa Chesterfield huko Uingereza, wanaume wawili wenye afya waliingia kufanyiwa upasuaji mdogo siku moja. Walichomwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo. Wote wawili wakapooza tangu kiunoni kwenda chini. Ilikuja kugunduliwa kwamba vichupa vya dawa ya ganzi vilikuwa vimewekwa ndani ya maji ya fenoli ili viuliwe vijidudu, na fenoli ikapenya kwa nyufa nyembamba ambazo jicho haliwezi kuziona. Kesi yao, iitwayo Roe, ilikatwa mwaka 1954, na walishindwa. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1947 hakuna daktari aliyejua kwamba kioo chaweza kupasuka kwa namna hiyo. Majaji walisema ajali ya 1947 haiwezi kutazamwa kwa miwani ya 1954. Baada ya hapo kila mtu alijua, na daktari atakayerudia jambo lile hana la kujitetea.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Daktari haahidi kuponya. Maradhi huua, na dawa nzuri yaweza kumdhuru mmoja katika wengi. Anachoahidi ni kutumia ujuzi na uangalifu wa daktari wa kawaida wa daraja lake. Kipimo hicho kilitamkwa katika kesi nyingine ya Uingereza, iitwayo Bolam, mwaka 1957, na mara nyingi majaji wetu hukitumia. Afisa wa kliniki wa zahanati ya Subukia au Kuresoi hapimwi kwa kipimo cha mpasuaji bingwa wa Nairobi. Lakini akiona jambo limemshinda, kazi yake ni kulipeleka mbele bila kukawia, na akilishikilia mpaka mgonjwa akaharibika, hapo amekosa.

Kuna kesi ya tatu, nayo ni ya wenzetu kabisa, walinzi wa usiku. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1966, walinzi watatu mjini London walikunywa chai, kumbe imetiwa sumu ya arseniki. Wakaanza kutapika, wakajikokota mpaka hospitali. Nasi akampigia simu daktari wa zamu, ambaye mwenyewe alikuwa hajisikii vizuri. Daktari hakuja kuwatazama. Alisema waende nyumbani wakalale, na wawaite madaktari wao. Mmoja wao alikufa siku ile ile. Mjane wake akashitaki. Mahakama ilisema ndiyo, daktari alikosa, alipaswa kuwaona. Lakini mjane hakupata kitu, kwa sababu ilithibitishwa kwamba hata kama mumewe angalilazwa saa ile, dawa ya kuiondoa sumu isingalimfikia kwa wakati, na angalikufa vile vile.

Wengi hukasirika wakisikia hukumu hiyo, na sisi pia hatuipendi. Lakini ndiyo sheria, nayo imewaangusha watu wengi: haitoshi kuonyesha kosa, wala haitoshi kuonyesha madhara, lazima uonyeshe kwamba kosa ndilo lililoleta madhara. Wakili wa upande wa pili atasema, "Mkono huu ulikuwa umeharibiwa na mashine kabla haujafika kwa daktari." Wewe huna budi kuwa na jibu, na jibu hilo hutoka katika karatasi na katika kinywa cha daktari mwingine.

Tutoke Uingereza turudi kwetu. Mambo gani yampe mtu shaka?

Tuanze na mfupa uliovunjika, maana wengi wetu ndio huanzia hapo. Tuseme mtu ameangukiwa na jiwe kwenye machimbo, au bodaboda imemtupa katika barabara ya Njoro. Amefungwa plasta ngumu. Maumivu ya kawaida hupungua kadiri mfupa unavyotulia. Lakini mguu au mkono ukizidi kuvimba ndani ya plasta iliyokaza, damu haipiti. Dalili zake ni hizi: maumivu yanayozidi hata baada ya kumeza dawa, na yanayokuwa makali kabisa mtu mwingine akikunyoosha vidole, vidole kuwa baridi, kubadilika rangi, kufa ganzi, kushindwa kuchezeka. Misuli ikikosa damu kwa muda wa saa 6 hivi huanza kufa, na ikifa hairudi. Mgonjwa wa namna hiyo akirudi hospitali, plasta hupasuliwa hapo hapo, na pengine hupasuliwa hata ngozi ili kuondoa mkazo. Akiambiwa "vumilia, ni kawaida ya mfupa" bila mtu kumgusa vidole wala kumtazama, na kesho yake mkono umekuwa mweusi, basi hilo si bahati mbaya. Andikeni saa aliyorudi. Saa hiyo yaweza kuwa ndiyo kesi nzima.

Wale wanaopuliza dawa kwenye grinihausi za Naivasha wana hatari yao. Baadhi ya dawa za kuua wadudu, za jamii ya oganofosfati, humfanya mtu atokwe na mate, jasho na machozi, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, kifua hubana na misuli huchezacheza. Dawa yake inajulikana, ni atropini, na haitaki kungojewa. Mfanyakazi akipelekwa kliniki akaeleza kwamba amepuliza dawa, kisha akapewa vidonge vya malaria na kurudishwa nyumbani bila kupimwa, hilo ni jambo la kuulizwa. Lakini lazima aeleze! Daktari hawezi kujua kilichokuwa ndani ya pampu yako. Mwenzako anayekusindikiza achukue kopo lenyewe au karatasi iliyobandikwa juu yake, na ahakikishe neno hilo limeandikwa kwenye faili.

Mengine hujisema yenyewe. Kitambaa au chombo kilichosahauliwa tumboni baada ya upasuaji. Jino zima kung'olewa na bovu kuachwa. Mtu kupewa dawa ambayo aliwaambia humdhuru, na imeandikwa. Kupasuliwa mtu asiye yeye: mnakumbuka mambo ya hospitali kuu ya Kenyatta mwaka 1918, la, 2018, mpiga chapa asituchanganyie karne. Wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja alitakiwa apasuliwe kichwa kuondolewa damu iliyoganda, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Aliyefunguliwa kichwa ni yule wa pili, na wapasuaji walitafuta damu iliyoganda wasiione. Chanzo kilisemwa kuwa vibandiko vya majina. Tazameni basi jinsi kosa kubwa linavyotokana na jambo dogo, na kwa nini mgonjwa mwenye fahamu hana aibu ya kusema jina lake na kiungo chake kinachouma kila anapohamishwa.

Tena kuna suala la kukubali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, hatari na faida zake, kwa lugha anayoielewa, kisha ndipo akubali au akatae. Wengi wetu hutia kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza saa mbili kabla ya kisu. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa walitia sahihi, hawana haki tena. Sivyo. Sahihi ile yaruhusu upasuaji ulioelezwa. Hairuhusu uzembe, wala hairuhusu kukatwa kitu kingine ambacho hukuambiwa na ambacho hakikuwa cha dharura.

Na hizo dharura zenyewe. Wakaaji wa njia ya kutoka Salgaa kwenda Molo hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Waliochomeka waliletwa Molo na hapa Nakuru. Wakati ule Katiba ya sasa haikuwako. Tangu mwaka 2010, Ibara ya 43 yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu hayo na ikakataa yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3. Matibabu ya dharura hayana maana ya kumponya kabisa. Maana yake ni kumtuliza mgonjwa asife, na kumpangia safari ya kwenda panapofaa. Kumwuliza jamaa pesa za kwanza huku damu yamwagika, hilo ndilo sheria inalolikataza. Lakini sheria haijatosha peke yake. Oktoba 2015, miaka 5 baada ya Katiba, mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi Nairobi akizungushwa kutoka hospitali hadi hospitali, na akafa.

Mahakama zetu zimeanza kulipa hata pale ambapo hakuna mfupa uliovunjwa. Mwaka 2013, muda mfupi baada ya serikali kutangaza kujifungua bure, mama mmoja alizalia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa. Mtu alipiga picha kwa simu. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki na heshima yake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2 na nusu. Na Septemba 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kwamba kuwazuia kina mama ndani ya hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Mama mmoja akapewa shilingi milioni 1 na nusu, mwenzake shilingi 500,000. Deni ni deni, na hospitali yaweza kulidai kama mwenye duka anavyodai lake, lakini hospitali si jela.

Sasa twaja kwenye neno la muda, na hapa twaomba wanaozungumza nyuma wanyamaze kidogo. Kesi ya kudai fidia kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Lakini ikiwa unayemshitaki ni serikali, muda ni miezi 12 tu. Hospitali ya Nakuru, ile tuliyozoea kuiita ya mkoa, na zile za Naivasha, Gilgil na Molo, ziko chini ya kaunti tangu mwaka 2013. Msikae mkijadiliana kama kaunti ni serikali ya namna gani. Hesabuni miezi 12, na mtakuwa salama. Mtu aliyegundua madhara baadaye, kama yule aliyekuta kitambaa tumboni baada ya miaka, aweza kuomba mahakama imwongezee muda, lakini kuomba si kupewa. Kwa mtoto sheria ina nafasi zake, ila mzazi asizitegemee.

Wengi hupoteza muda wao kwa njia hii: hupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari huko Nairobi, kisha hukaa wakingoja jibu. Baraza hilo, lililokuwa likiitwa Bodi mpaka mwaka 2019, lina kazi yake. Hupokea malalamiko, huita faili, huhoji, na laweza kumwonya daktari, kumsimamisha, au kumfuta katika daftari. Wauguzi wana baraza lao, na maafisa wa kliniki lao. Uamuzi wa baraza wakufaa sana mbele ya hakimu, kwa sababu ni madaktari wanaosema juu ya daktari. Lakini baraza si mahakama, na saa ya sheria haisimami kwa kuwa uko mbele yake. Peleka malalamiko, na huku wakili aangalie kalenda. Kama aliyekutibu hayumo katika daftari lo lote, yaani ni mtu aliyefungua chumba nyuma ya duka akavaa koti jeupe, huyo si wa baraza tu. Nenda polisi.

Ndugu, twajua mnangoja neno la kazini. Mtu aliyeumia kazini ana njia mbili, na lazima asizichanganye. Ya kwanza ni fidia ya jeraha la kazi, chini ya sheria ya mwaka 2007 iliyochukua mahali pa ile ya zamani. Mwajiri aambiwe ajali, naye apeleke habari kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7. Gharama ya matibabu ni yake. Ukiharibika kabisa, au ukifa, hesabu ni mshahara wa miezi 96. Kwa njia hii huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu, lakini pia huwezi kumpeleka mwajiri mahakamani kama zamani. Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Njia ya pili ni ya uzembe wa hospitali. Kidole kimekatwa na mashine: hiyo ni ya kwanza. Kidole kimeshonwa na uchafu ndani, hakuna aliyekitazama kwa wiki nzima, mkono wote umekatwa: kidole ni cha mwajiri, lakini mkono waweza kuwa wa hospitali. Kulipwa kwa moja hakufuti nyingine. Pale kliniki inapokuwa ni ya kampuni yenyewe na nasi ni mwajiriwa wake, mambo huingiliana, na hapo ni pa wakili tangu siku ya kwanza.

Jihadharini na asilimia. Daktari ndiye huandika umeharibika sehemu ngapi katika mia, na fidia hufuata tarakimu hiyo. Kama kampuni imekupeleka kwa daktari wake akaandika 5 na wewe huwezi kushika jembe, usinung'unike kwenye kambi. Tafuta daktari wa pili akupime. Uamuzi wa Mkurugenzi waweza kupingwa kwa maandishi ndani ya siku 60, na asiporidhika mtu ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Kazi, nayo iko hapa hapa Nakuru. Tena msitie sahihi karatasi ya kupokea pesa "kwa madai yote" kabla haijasomwa na mtu anayejua. Shilingi 30,000 za mkononi leo zimekwisha kuzika madai makubwa.

Karatasi, basi. Faili ni la hospitali, lakini habari zilizomo ni zako. Katiba katika Ibara ya 35, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, zakupa haki ya kuziona na kupata nakala. Andika barua kwa mganga mkuu wa hospitali, taja jina, nambari ya faili na tarehe, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Fanya hivyo mapema, kabla ya kutamka neno la kesi. Twasema hivyo si kwa kumshuku kila karani, ila faili hupotea hata bila nia mbaya. Weka picha za eksirei, karatasi ya kutolewa wodini, barua ya kuhamishwa, kadi ya kliniki, hata chupa tupu ya dawa. Risiti zote. Hakimu aweza kukupa pesa za maumivu kwa kukadiria, lakini gharama ulizolipa hazikadiriwi. Usipoonyesha risiti hupati hata senti. Kama ni mtu amekufa, jamaa waombe maiti ifanyiwe uchunguzi kabla ya kuzikwa, na wakiweza wamlete daktari wao asimame pale. Twajua ni neno zito kusema mbele ya msiba, na wazee wengine hawalipendi. Lakini kaburi likifunikwa, sababu ya kifo hubaki vile hospitali ilivyoiandika. Mjane, mume, watoto na wazazi waliomtegemea marehemu ndio wenye haki ya kudai.

Juu ya mawakili tutasema machache. Kesi hizi ni ngumu na hazipendwi na kila wakili, maana lazima apatikane daktari wa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, na huyo hulipwa. Si lazima kwenda Nairobi: hakimu mkuu aweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20. Wakili mwema kwanza atataka faili lisomwe na daktari, na pengine atakuambia huna kesi, huyo mshukuru. Yule anayekufuata wodini na kalamu mkononi, au anayemtuma kijana wa kukusanya majeruhi, mkimbie. Na anayekuambia hutalipa kitu, mtagawana nusu kwa nusu mkishinda, huyo anakuletea mapatano ambayo sheria ya mawakili yenyewe haiyatambui. Asiye na uwezo aulize habari za Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016.

Mwenye jambo la namna hii na aje ofisini Jumamosi asubuhi, na aje na kitambulisho, karatasi yake ya mshahara, kila kipande cha karatasi ya hospitali alicho nacho, na tarehe. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake anayesoma, tutaandika pamoja ile barua ya kuomba faili. Lakini kama kuna mtu ndani ya ukumbi huu, au nyumbani kwa mmoja wetu, ambaye plasta yamkaza na vidole vimekuwa baridi, huyo asingoje Jumamosi wala asingoje maswali yaishe. Wenzake wamchukue hospitali sasa hivi.